Je, wajua kwa nini Shen Te, mhusika mkuu wa tamthilia ya Bertolt Brecht, alijibunia binamu katili?

Miungu watatu wanaingia mji mkuu wa Setzuan, China, wamechoka, wanatafuta pa kulala. Wamekuja duniani kutafuta watu wema, na wasipowapata wa kutosha, dunia haiwezi kuachwa kama ilivyo. Wang, mchuuzi wa maji, anawapigia hodi nyumba hadi nyumba na kila mwenye nyumba ana udhuru wake. Anayefungua mlango mwishowe ni Shen Te, kahaba. Asubuhi miungu wanamsifu na kumwagiza aendelee hivyo hivyo. Naye anawauliza swali la mtu anayedaiwa kodi: nitakuwaje mwema wakati kila kitu ni ghali? Wanamjibu kwamba mambo ya uchumi hawayaingilii. Kisha, kwa aibu kidogo, wanamlipia malazi: zaidi ya dola 1,000 za fedha.

Ndivyo inavyoanza tamthilia ya Mjerumani Bertolt Brecht kuhusu mtu mwema wa Setzuan. Brecht alikimbia nchi yake Februari 1933, siku moja baada ya bunge la Berlin kuungua, na mchezo huu aliuandika akiwa mkimbizi, kuanzia Denmark, kupitia Sweden, hadi Finland, akisaidiwa na Ruth Berlau na Margarete Steffin. Ulionyeshwa mara ya kwanza Zürich, Uswisi, tarehe 4 Februari 1943.

Kwa pesa zile Shen Te ananunua kiduka cha tumbaku. Hajamaliza kupanga bidhaa, watu wanaanza kumiminika. Inakuja familia ya watu wanane, wale wale waliompangisha alipotoka kijijini na kumtupa nje hela zilipomwishia. Anawapokea. Anakuja seremala Lin To, anadai dola 100 za rafu alizomtengenezea mwenye duka wa zamani. Mwenye nyumba naye anataka mdhamini. Hapo ndipo wageni wake wanapomshauri: sema una binamu, yeye ndiye mwenye mali. Kesho yake asubuhi binamu anatokea kweli. Anaitwa Shui Ta, ni Shen Te mwenyewe aliyevaa nguo za kiume na kinyago, na kazi yake ya kwanza ni kuwafukuza walewale waliomtunga.

Onyesho la seremala linatosha kueleza binamu huyu ni wa kazi gani. Shui Ta habishani juu ya deni. Anamwambia tu fundi achukue rafu zake aondoke nazo. Lin To anajua alizikata kwa vipimo vya chumba kile na kwingine hazifai hata kidogo, na nyumbani ana watoto wanne. Anapewa dola 20. Duka linapona, fundi anaumia, na hakuna sheria iliyovunjwa.

Wengi huueleza mchezo huu kama habari ya moyo laini unaohitaji kukazwa. Mimi naona Brecht ana shida na hesabu zaidi kuliko moyo. Duka moja dogo haliwezi kulisha mtaa mzima, hata mwenyewe awe malaika. Na wema wa Shen Te nao hauko safi kama anavyodhani. Kinyozi tajiri Shu Fu anapomvunja Wang mkono, mashahidi wote wanageuka mabubu. Shen Te, ambaye hakuona lolote, anajitolea kwenda kuapa kwamba aliona. Halafu kuna wazee wawili wauza mazulia. Wanamkopesha dola 200 za kodi ya miezi sita, ambayo mwenye nyumba anaidai mapema, bila hata karatasi, kwa kuwa wanamwamini. Siku hiyo hiyo anazitoa kwa ajili ya mpenzi wake, Yang Sun, rubani asiye na kazi anayehitaji dola 500 za hongo apate kazi Peking. Kutoa, ametoa, lakini cha nani? Wazee wanashindwa kulipa ushuru na kupoteza duka lao. Hao, kwangu mimi, ndio watu muhimu kuliko wote mchezoni, ingawa hawasemi mengi.

Yang Sun mwenyewe anapenda pesa kuliko bibi harusi. Siku ya harusi wageni wanakaa, divai inakwisha, na bwana harusi anakataa kufunga ndoa mpaka binamu aje na dola 300 zilizobaki. Binamu atakujaje, na bibi harusi yupo pale amekaa?

Baadaye Shen Te, akiwa na mimba, anamwona mtoto wa yule seremala akichakura chakula kwenye pipa la taka. Anaapa kwamba kwa ajili ya mwanawe atakuwa chui milia kwa watu wengine wote. Tangu hapo binamu haji tena kwa siku moja moja, anakuja kukaa. Anafungua kiwanda cha tumbaku, na waliokuwa wakilishwa bure sasa wanafanya kazi, akiwemo Lin To na watoto wake. Kiwanda kinastawi. Uzito wa Brecht uko hapa, maana hakumfanya Shui Ta kuwa mjinga wala mshindwa. Huenda hata wewe mtazamaji umemshangilia mara mbili tatu.

Watu wanapouliza Shen Te yuko wapi, Shui Ta anashtakiwa kwa kumuua. Mahakamani waamuzi ni wale miungu watatu. Anawaomba wabaki nao peke yao, anavua kinyago, anaeleza kwamba amri yao ya kuwa mwema na bado aishi imempasua vipande viwili. Hawataki kusikia. Wamefurahi kwamba mtu mwema wao yu hai, na wanaanza kupaa juu ya wingu la rangi ya waridi. Shen Te anawapigia kelele kwamba binamu bado anamhitaji, angalau kila wiki. Wanamjibu kutoka juu: mara moja kwa mwezi inatosha.