Konokono wasumbufu kwenye tenki la samaki, maana yake nini hasa

Unanunua mmea mmoja tu wa maji, unaupanda kwenye tenki vizuri, samaki wanafurahi na we unafurahi, alafu wiki mbili tatu baadae unaamka usiku kwenda kunywa maji, unawasha taa, unakuta kioo kina vidoti. Unasogea karibu. Vidoti vinatembea! Kesho yake unahesabu ishirini, wiki inayofuata umeshaacha kuhesabu. Hao ndo wafugaji wa samaki wa nyumbani wanawaita konokono wasumbufu, na kila anayewaona mara ya kwanza anauliza kitu kimoja, nawauaje. Mi nasema tuanze na hilo neno kwanza, kwasababu watu wengi wanakimbilia dawa kabla hawajajua wanapigana na nini.

Msumbufu sio jina la aina ya konokono. Ni kama gugu shambani. Mchicha ukijiotea katikati ya mahindi unaung'oa na kuutupa, ukijiotea nyuma ya jiko unauchuma unapika na nazi, na mchicha ni uleule. Konokono msumbufu ni konokono yeyote aliyeingia kwenye tenki bila kualikwa na anayezaana kuliko unavyopenda, basi. Ndo maana konokono mwekundu wa gamba la duara kuna mtu anamnunua kwa hela yake amuweke kama pambo na mwingine anamponda kwa kidole kila asubuhi. Na huko Ziwa Tanganyika kuna samaki wadogo kabisa ambao nyumba zao ni magamba matupu ya konokono, wanalala humo, wanataga humo, ukiwaondolea magamba umewavunjia kijiji.

Wanaojitokeza sana kwenye matenki ni wa aina tatu. Kuna mdogo wa kahawia, gamba jembamba linang'aa na lina ncha, anakimbia kuliko konokono unaowajua, huyo watu wanamwita wa kibofu. Ukimshika ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukikuangalia, mdomo uko kushoto, kwa konokono wengi uko kulia. Huyu ni dume na jike kwa wakati mmoja na akikosa mwenzake anaweza kujitungisha mwenyewe, yani mmoja tu akiingia inatosha, na mayai anayabandika chini ya majani ndani ya ute unaoonekana kama tone la gundi ambalo hata ukiwa na macho mazuri unalipita. Kwa joto la maji yetu haya yanaanguliwa ndani ya wiki moja au mbili hivi. Wa pili ni yule wa duara bapa, gamba limejiviringisha kama roli ya ukili kabla hujaushona mkeka. Tabia zake karibu sawa na wa kwanza, ute na mayai vilevile.

Wa tatu ndo namheshimu. Gamba refu jembamba kama tarumbeta, mchana anajifukia mchangani humuoni, usiku anatoka. Kisayansi ni Melanoides tuberculata na sio mgeni kwetu, asili yake ni Afrika na Asia, ukichota mchanga kwenye maziwa yetu unaweza kumkuta. Huyu hatagi mayai, anazaa watoto wakiwa wameshakamilika kama punje za ufuta, na majike wanazaa bila dume kabisa. Ana kifuniko pia, anajifungia ndani mambo yakiharibika. Sasa ukiona hawa wa tarumbeta wamepanda wote juu ya kioo mchana kweupe, mara nyingi maji yana shida, hewa imepungua au uchafu umezidi huko chini, kwahiyo kabla hujawalaumu badilisha maji.

Haya, tuje kwenye kiini. Konokono hajizalishi kutoka kwenye hewa. Kila gamba unaloliona limejengwa na chakula kilichokuwemo ndani ya tenki ambacho samaki hawakukimaliza, au majani yaliyooza, au mwani kwasababu taa inawaka masaa kumi na nne. Idadi yao inafuata chakula, chakula kikiwa kingi wanajaa, kikipungua wanaacha kuzaa na wengine wanakufa. Kwahiyo ukiwaona mia tatu usiseme nimevamiwa, sema mia tatu hawa nimewalisha mimi.

Kwangu ilikuwa hivyohivyo. Mi nalisha asubuhi kabla sijatoka. Kumbe mama watoto nae analisha mchana, anasema wanamwangalia kwa huruma. Alafu wa mwisho wetu akirudi shule nae anamwaga kiasi chake, na kiasi chake ni kiganja. Nilikuja kushtuka kopo la mwezi mzima limeisha siku tisa, na wakati huo mi nimeshamlaumu muuza mimea vya kutosha. Ni kweli mayai yalikuja na mmea, lakini kutoka konokono wawili mpaka jeshi lile hiyo kazi tumeifanya nyumbani kwetu. Na ujue samaki ataomba tu hata kama ameshiba, ukisogea kwenye kioo anakuja, sio njaa ile, ni mazoea.

Je wana madhara? Kwa hawa watatu, madogo sana. Wanakula mwani, ule utelezi wa kwenye kioo, mabaki, jani lililokufa. Watu wanasema wanatoboa mimea, mara nyingi jani lilikuwa limeshaanza kufa na konokono kamalizia tu, ukimkuta kwenye tundu unamshika kama mwizi. Yule wa tarumbeta anakugeuzia mchanga bure. Shida ya kweli ni sura mbaya, kinyesi kikiwa kingi, na wadogo kuingia kwenye filta pale kwenye kipangaboi wakaanza kukwaruza au kukizuia kabisa.

Wa kuogopa ni konokono mkubwa wa tufaha wa dhahabu, yule asili yake Amerika Kusini. Huyo anakula mimea hai na sio mchezo, waulize wakulima wa mpunga wa Mwea kule Kirinyaga, Kenya, walianza kumuona 2020 na mpaka leo wanahangaika nae. Mayai yake hayafichi, ni kishada cha rangi ya waridi iliyokolea kimebandikwa juu ya maji kwenye shina au ukuta. Ukiyakuta kwenye tenki yako yakwangue yote uyaponde.

Na kuna jambo ambalo ukisoma maelezo ya wazungu hulikuti kwasababu kwao ni nadra sana, nalo ni kichocho. Wengi wetu mmea hatununui, tunachota kwenye mtaro, bwawa au pembeni ya ziwa. Sasa konokono wanaobeba kichocho ni ndugu wa yule wa pili, wa duara bapa. Pembeni ya Ziwa Victoria kuna Biomphalaria, bapa vilevile, anabeba kichocho cha tumbo. Unguja na Pemba kuna Bulinus, anabeba kile cha mkojo, na huyu ana ncha na mdomo uko kushoto kama wa kibofu, kwa macho ya kawaida unaweza kuwachanganya kabisa. Lakini usikimbie. Konokono hazaliwi na kichocho. Inabidi mtu mwenye ugonjwa akojoe au ajisaidie majini, mayai ya mnyoo yaanguliwe, kijidudu kimuingie konokono, kikae humo wiki kadhaa, ndo vitoke vingine kutafuta ngozi ya mtu, na vikishatoka vinaishi kama siku moja au mbili tu. Kwahiyo waliozaliwa ndani ya tenki yako hawana kitu. Wa kuangalia ni yule mkubwa uliyemleta kutoka mtaroni, huyo usimkaribishe, na siku hizo za mwanzo usitumbukize mkono mtupu humo, wala usiloweke huo mmea kwenye beseni la watoto. Huyu wa tarumbeta yeye kwenye kichocho hayumo, na huko visiwa vya Karibi kama Martinique walimwachia makusudi agombanie chakula na nafasi na wale wa kichocho, wakapungua kweli.

Sasa ukishaelewa hayo, kuwapunguza sio kazi kubwa ila inataka uvumilivu. Lisha mara moja kwa siku, kiasi kinachoisha ndani ya dakika moja mbili, na siku moja kwa wiki usilishe kabisa, samaki mkubwa mwenye afya hafi kwa kukosa siku moja. Vuta uchafu wa chini kwa mpira kila unapobadilisha maji. Usiku zima taa, weka kipande cha tango au jani la mchicha ulilolichemsha kidogo, lifunge na kijiko lizame, asubuhi utalikuta limefunikwa, unalitoa lote na wateja wake. Ukifanya hivyo kila siku kwa wiki mbili utaona tofauti, lakini kama chakula hujapunguza utakuwa unatoa kumi wanazaliwa ishirini. Unaweza pia kuwaponda kwenye kioo, magapi, wale samaki wadogo wa mikia ya rangirangi, wanagombania hiyo nyama balaa.

Kuleta samaki wa kuwala hiyo ndo inawaponza watu. Wanaambiwa wanunue yule wa milia ya chungwa na nyeusi kutoka Indonesia, wanamleta akiwa kidole, hawaambiwi anafika sentimita 30 na anapenda kuishi kundi. Kuna bunju mdogo wa maji baridi kutoka India, hafiki hata sentimita 4, anakula konokono kama karanga lakini na mikia ya magapi nayo anaikata. Kuna konokono muuaji pia, wa milia ya njano na nyeusi, anakula wenzake polepole na hazaani hovyo, huyo kama unampata ni afadhali kuliko wote. Kwetu kwenye Ziwa Victoria kuna samaki anaitwa Astatoreochromis alluaudi, ndani ya koo ana meno mapana ya kusagia magamba, na Kenya waliwahi kumpandikiza kwenye mabwawa ale konokono wa kichocho. Matokeo hayakuwa yale waliyoyatarajia, kwasababu samaki huyu akipata chakula laini anakula hicho, na akikulia kwenye chakula laini taya la kooni halikui likawa zito kama la ndugu zake waliokulia kwenye magamba. Yani hata mla konokono ukimlisha vizuri anaacha kazi.

Dawa, hapo mi nakataa. Dawa nyingi za konokono ni za shaba, na shaba kweli inaua konokono, inaua na uduvi wote, inabaki kwenye mchanga, na kwenye maji laini, yani yenye madini machache, kama ya bomba kule Nairobi sumu yake kwa samaki inakuwa kali zaidi. Alafu tuseme imefanya kazi, konokono mia nne wamekufa usiku mmoja, wa tarumbeta wamefia chini ya mchanga huko huwezi kuwatoa. Wanaoza. Amonia, ile sumu inayotokana na uozo, inapanda. Jamaa yangu mmoja alifanya hivyo Ijumaa, Jumapili akawa anazika samaki, na mwezi uliofuata konokono wakarudi kwasababu chakula kilikuwa palepale.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutibu. Mmea mpya, ukiununua au ukiuchota, utenge kwenye ndoo peke yake kama wiki tatu nne, uwe unaukagua chini ya majani na kukwangua ute wowote. Wenye haraka wanauchovya kwenye maji ya Jik, kipimo kimoja cha Jik kwa vipimo ishirini vya maji, dakika mbili isizidi, alafu wanausuuza mara nyingi na kuuacha kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Majani magumu yanavumilia, malaini yanaungua, kwahiyo jaribu na tawi moja kwanza. Pamba na mawe yaliyokuja na mmea tupa, mara nyingi hao wa tarumbeta ndo wanakuja humo.

Na wale unaowatoa usiwamwage chooni wala mtaroni, hata kama unawaonea huruma, mtaro unaenda mtoni. Waponde, uwafukie au wape kuku. Ukiamua kuanika mchanga wote uanze upya, usiurudishe baada ya siku mbili ukidhani umekauka, yule wa tarumbeta anafunga kifuniko chake anakusubiri humo ndani, acha ukae juani wiki kadhaa au uchemshe kwenye sufuria ambayo hupikii.