Mawe ya nyongo: yanayosemwa Kigoma na ukweli wake

"Hayo ni maradhi ya Wazungu na wenye hela." Kauli hiyo haikosi sokoni Mwanga wala Ujiji. Ni kweli kwamba Ulaya na Marekani mtu mzima 1 kati ya 7 hadi 10 ana mawe kwenye mfuko wa nyongo, na kwetu ni wachache zaidi. Lakini mawe si mageni hapa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa watoto wanaozaliwa na selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi. Chembe nyekundu za damu yao huvunjika mapema, rangi ya chembe hizo huingia kwenye nyongo na kuganda kuwa vijiwe vyeusi. Ndiyo maana kijana wa miaka 15, mwembamba, asiyejua chipsi mayai, anaweza kuwa nayo.

Kinachobadilika ni aina ya mawe. Japani walishapita njia hii: zamani yalitawala mawe yatokanayo na rangi, na baada ya Vita Kuu ya Pili, chakula kilipobadilika, yakashika nafasi yale ya kolestro, aina ya mafuta ya mwilini. Mijini kwetu vitambi na kisukari vinaongezeka, na mawe ya kolestro huandama uzito, ujauzito na umri wa kuanzia miaka 40. Wanawake ndio huyapata zaidi. Tusisahau pia kwamba altrasaundi, mashine za kuona ndani ya tumbo, zimesogea karibu: baadhi ya hayo "mawe mapya" ni ya zamani, ila hakuna aliyekuwa akiyaona.

Mawese je? Yanasingiziwa. Hayana kolestro, ni mafuta ya mmea. Ila mlo wenye mafuta mengi huufanya mfuko wa nyongo ujikaze, na kama jiwe limo tayari, likaziba njia, mtu hujikunja kwa maumivu akalaani samaki wake, mgebuka wa kukaanga. Kujinyima chakula ili upungue uzito haraka, hilo ndilo laweza kutengeneza mawe.

Wapo pia wanaolaumu maji ya kisima yenye chumvi; hayahusiki.

Kinachoniudhi zaidi ni dawa ya kutoa mawe inayosambazwa WhatsApp: mafuta ya zeituni na maji ya limau, unywe usiku. Asubuhi chooni vinatoka vidonge vya kijani, laini, na picha zinasambazwa. Vidonge vya namna hiyo viliwahi kupimwa maabara, vikakutwa si mawe: ni sabuni iliyotengenezeka tumboni kutokana na mafuta yenyewe. Jiwe la kweli limebaki palepale.

Wala si kila jiwe ni la kufanyiwa upasuaji. Wengi hawaumwi maisha yao yote, na hao huachwa. Anayeumwa mara kwa mara hutolewa mfuko wote wa nyongo, na anaendelea kula. Ini halikomi kutengeneza nyongo, inatiririka tu moja kwa moja kwenye utumbo.

Ila maumivu chini ya mbavu za kulia yasiyoachia kwa saa kadhaa, pamoja na homa au macho ya njano, usiyamezee dawa za vidonda vya tumbo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.