Je, wajua kwa nini “naomba maji” na “lete maji” huzaa wahusika wawili tofauti?

Chukua kijana mmoja, mlango mmoja na glasi moja ya maji. Kijana ana kiu na amefika nyumbani kwa mzee asiyemfahamu. Mwandishi hajatuambia umri wake, nguo zake wala alikolelewa. Akisema, “Hodi! Shikamoo, mzee. Naomba maji ya kunywa,” tumeshamwona. Akisema, “Mzee, vipi? Lete maji basi,” tumemwona mwingine kabisa, na kiu ni ileile.

Hilo linawezekana kwa sababu Kiswahili hubeba umri, heshima, mahali na hisia ndani ya vitu vidogo sana: salamu, namna ya kuomba, hata herufi mbili za mwanzo wa neno. Msomaji huvisoma bila kufundishwa, maana ndivyo anavyowapima watu kila siku. Mwandishi wa hadithi fupi au riwaya asiyevitumia hulazimika kueleza kwa aya nzima jambo ambalo mhusika angelisema kwa neno moja.

Tuanze na kuomba. Tanzania mtu husema “naomba” hata dukani akiwa na hela mkononi: “Naomba sukari nusu kilo.” Nairobi “nataka chai” ni kauli ya kawaida tu, haimkwazi mtu. Basi mpeleke mhusika wa Nairobi kwenye mgahawa wa Dar es Salaam, aseme “nataka chai”, na tayari una tukio: yeye hajakosa adabu, lakini mhudumu amesikia amri. Huhitaji kuandika kwamba walitofautiana kimalezi.

Wala usidhani “naomba” ni adabu siku zote. Mume na mke waliozoea kuambiana “nipe chumvi” wakianza kuambiana “naomba chumvi”, msomaji makini ataweka kitabu chini kidogo. Kuna kitu kimevunjika katika nyumba hiyo. Kati ya watu wa karibu, “nipe” ndiyo lugha ya mapenzi, na adabu iliyoingia ghafla ni ubaridi. Vivyo hivyo kwa majina ya kuitana: mke aliyekuwa akisema “Baba Juma” sura nzima, siku akisema “wewe”, ameshapiga kelele hata kama sauti yake iko chini. Kwa hiyo, kabla ya kuandika mazungumzo ya watu wawili, amua kwanza wanaitanaje siku za amani. Bila msingi huo, mabadiliko hayatasikika.

Lakini hazina kubwa zaidi, ambayo waandishi wengi chipukizi huipita bila kuigusa, ni ngeli. Soma sentensi hizi tatu:

Mzee ameketi barazani.
Kijizee kimeketi barazani.
Zee limeketi barazani.

Hakuna kivumishi hata kimoja, wala hatujaambiwa sura ya mtu huyo. Hata hivyo wa kwanza ana heshima yake. Wa pili amesinyaa, anaonewa huruma au anadharauliwa. Wa tatu ni mzigo, labda anatisha. Udogishi (kulifanya neno dogo) na ukuzaji (kulifanya kubwa) vimefanya kazi yote, na upatanisho wa kitenzi, yaani ki- na li- zinazofuata nomino, umekazia. Kijana na kipofu wana ki- yao ya kuzaliwa nayo isiyo na ubaya wowote, mradi kitenzi kibaki cha watu: kijana amefika. Andika “kijana kimefika” na umemshusha akawa kitu.

Hapa makosa mawili hutokea sana. La kwanza ni upatanisho unaoyumba: “Zee alikohoa, kisha likainuka.” Msomaji hajui tena kama ni dharau au ni kuteleza kwa kalamu. La pili ni zito zaidi: dharau kukosa mwenyewe. Msimulizi akiandika “Zee lilitoa macho”, dharau hiyo ni ya msimulizi. Kama ulikusudia iwe ya kijana, iweke kwenye kinywa au mawazo yake:

Kijana alimtazama mzee. Zee hili halina haraka, aliwaza.

“Mzee” ni wa msimulizi, “zee” ni la kijana, na mpaka kati yao uko wazi. Ukishaulinda mpaka huo unaweza kufanya jambo zuri sana: kijana aanze hadithi akiwaza “zee hili”, afike katikati akisema “huyu mzee”, amalize kwa “mzee wangu”. Safari nzima ya moyo wake imeonekana, na hukuandika popote kwamba alijuta.

Uteuzi wa msamiati hufanya kazi kwa njia iliyo karibu na hiyo. Mtu mmoja akifa, tangazo la msiba litasema amefariki dunia, mjane atasema ametutoka, daktari aliyechoka atasema amefariki, adui yake atasema kafa, na vijana wa kijiweni watasema amekata kamba. Kila kauli inatuonyesha msemaji alisimama wapi mbele ya maiti. Ndiyo maana msimulizi mwenye sauti ya upole hawezi ghafla kuandika kwamba bibi yake mpendwa alikata kamba. Maombolezo yote ya kurasa zilizotangulia yatageuka kichekesho.

Kuna pia maneno yasiyoongeza habari yoyote ila yanageuza kila kitu. “Amesafiri” ni taarifa. “Eti amesafiri” ni shaka, pengine kejeli. “Kumbe amesafiri!” ni mtu aliyegundua sasa hivi, na huenda ameumia. Msimulizi anayepenyeza “eti” katika masimulizi yake ameacha kuwa shahidi, amechukua upande. Fanya hivyo kwa kukusudia.

Na lahaja? Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliyoundwa 1930 ikaisimamia katika vitabu. Tangu hapo masimulizi mengi huandikwa kwa usanifu, na mazungumzo ndipo mahali ambapo mhusika anaruhusiwa kuonyesha kwao ni wapi. Anayeuliza “wataka nini?” ananukia pwani zaidi ya anayeuliza “unataka nini?” (hata “je, wajua?” imeundwa hivyohivyo). Wa bara ya Tanzania anaweza kusema “anakujaga”, wa Kenya “anakujanga”. Mtu wa Mombasa asemaye Kimvita atasema “ndia” kwa njia na “ndoo” kwa njoo.

Kipimo kinachofaa ni alama mbili au tatu kwa mhusika, zirudiwe bila kuyumba, na maneno mengine yabaki ya kawaida. Ukiandika lafudhi nzima, msomaji ataanza kusoma tahajia badala ya kumsikia mtu. Kubadilisha “r” na “l” ili kuonyesha kabila la mhusika ni kubaya zaidi: humfanya awe kinyago, na wasomaji wa kabila hilo hulitambua tusi hilo papo hapo. Kumbuka pia kwamba msomaji wa Dodoma akikutana na “Ndoo hapa” atatafuta chombo cha kutekea maji. Msaidie kwa kitendo: “Ndoo hapa,” alisema, akimpungia mkono asogee.

Kuhusu “alisema”, usihangaike sana. Kufoka, kudakia, kuguna na kunong'ona vina mahali pake, lakini kama kauli yenyewe ni ya hasira, “alifoka kwa hasira” inarudia mara tatu jambo moja.

Sasa turudi mlangoni kwa yule kijana mwenye kiu.

“Hodi.”
Kimya.
“Hodi hapa.”
“Karibu.”
“Shikamoo, mzee.”
Mzee aliendelea kushona wavu wake.
“Naomba maji ya kunywa.”
“Asha! Mletee maji huyu.”

Kijana hakukosea hata neno moja. Maji yataletwa. Ila “marahaba” haikutoka, na aliyepaswa kuitwa mgeni ameitwa “huyu”, kwa hiyo msomaji tayari anauliza ni nini kilichopita kati ya watu hawa au kati ya baba zao. Badilisha “huyu” uweke “mgeni”, na nusu ya ubaridi itaondoka. Irudishe “marahaba” mahali pake, na kitakachobaki ni kijana anayekunywa maji.