Umbali gawanya kwa 900 si muda wa safari yako

"Lakini mtandaoni wameandika safari ni dakika 54." Mimi ni rubani, na abiria akiniambia hivyo, najua tayari hesabu imetoka wapi. Kikokotoo kimechukua mstari mfupi kuliko yote kati ya miji miwili, tuseme kilomita 360, kikagawa kwa 900, ambao ni mwendo wa jeti kubwa kwa saa, kisha kikaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Umbali ni sahihi. Ndege ndiyo siyo. Jeti ya namna hiyo haitui kwenye kiwanja kifupi cha changarawe, na miji ya pembezoni mingi ina viwanja vya aina hiyo. Mimi narusha ndege ndogo ya pangaboi, yenye injini moja, kilomita 300 kwa saa. Bila upepo hata chembe, hizo ni dakika 72.

Sasa upepo, na hapa ndipo uvumilivu unaniishia. Hata wasafiri wazoefu hushikilia kwamba kwa safari ya kwenda na kurudi upepo haujalishi, eti unachopoteza ukienda unakipata ukirudi. Hukipati chote! Chukua upepo wa kilomita 60 kwa saa. Ukinikabili usoni, mwendo wangu juu ya ardhi unashuka hadi 240, nafika baada ya dakika 90. Nikirudi nao mgongoni nakwenda 360, dakika 60. Jumla 150, siku tulivu ingekuwa 144. Upepo wa mbele umenizuia kwa dakika 90 nzima, wa nyuma umenisukuma kwa 60 tu. Hata wa ubavuni unakula muda, maana lazima nielekeze pua kidogo kule unakotoka, la sivyo utanitoa njiani.

Milima na mawingu ya radi nayazunguka, kilomita zinaongezeka. Hilo liko wazi.

Kikokotoo hukosea upande wa pili pia, kikatoa dakika nyingi mno. Kati ya Westray na Papa Westray, visiwa vya Orkney huko Uskoti, ni kama kilomita 2.7. Ratiba inaipa safari hiyo dakika mbili, na imewahi kukamilika kwa sekunde 53. Kikokotoo chenye nusu saa yake ya lazima kinakosea hapo karibu nusu saa nzima.

Vitabu vya mafunzo hulipita haraka jambo moja: upepo ninaouingiza kwenye hesabu ni utabiri. Katikati ya miji kama hii mara nyingi hakuna kituo cha hali ya hewa, na modeli za kompyuta huisawazisha milima kiasi kwamba upepo wa bondeni hauonekani. Kwa hiyo dakika zangu za mwisho ni makadirio, hata nikiziandika kwa wino. Ndiyo maana nabeba mafuta ya akiba, na ukiniuliza kabla ya kuruka nitakujibu "tutafika kati ya saa nne na robo na saa nne na nusu". Niulize tena tukishavuka mto wa kwanza niliouwekea alama kwenye ramani. Hapo nitakuwa nimeshalinganisha saa na hesabu, na nitakupa dakika ninayoiamini.