Kamera ndogo ya kujifunzia: kagua M kabla ya megapikseli

Anayetafuta kamera ya kwanza, awe Mtwara mjini, Newala au Lindi, huwa anaanza na swali la megapikseli. Mimi huanza na jingine: ukiishika kamera kwa mkono mmoja, kidole gumba kinaweza kubadilisha kasi ya shata bila kuingia kwenye menyu? Kama hakiwezi, kamera hiyo haitakufundisha. Utachoka kubonyeza, utairudisha kwenye AUTO, na kwa AUTO simu yako inatosha.

Mambo ya kujifunza ni matatu: tundu la lenzi (linalopitisha mwanga), kasi ya shata (muda ambao mwanga unaachwa uingie) na ISO (jinsi kamera inavyoukuza mwanga huo). Simu nyingi zenye modi ya "Pro" hukuruhusu kuchezea kasi na ISO tu, kwa sababu tundu lake ni moja na halibadiliki. Hapo ndipo kamera ndogo yenye M, yaani modi ya kuweka tundu na kasi mwenyewe, inapoizidi simu, hata kama ni ya mwaka 2010.

Lakini iko M ya kweli na iko M ya jina. Zungusha gurudumu la juu mpaka M (karibu yake utaona P, A na S, au kwa Canon P, Av na Tv), kisha jaribu kubadilisha tundu. Namba zikipanda kidogo kidogo, 2, 2.2, 2.5, 2.8, mpaka 8, ndani ya lenzi kuna vipande vya chuma vinavyofunga na kufungua. Ukiona namba mbili tu, moja kubwa na moja ndogo, shuku mara moja. Kamera nyingi za bei ya chini hazina vipande hivyo. Zina kioo cheusi kinachoshuka kuzuia mwanga, basi. Picha inapungua mwanga, lakini eneo linaloonekana vizuri mbele na nyuma ya unachopiga linabaki vilevile, na hilo ndilo ulitaka kujifunza.

Zipo pia kamera mpya za mtandaoni zinazotangazwa kwa megapikseli 48 kwa bei ya kutupa. Ziache. Sensa yake, yaani kibamba cha ndani kinachopokea mwanga, ni ndogo, picha inavutwa na programu ifikie ukubwa huo, na M hakuna. Kwa fedha hiyohiyo, au ukiongeza kidogo, kamera nzuri ya mtumba inakupa zaidi.

Sensa ya kamera ndogo ya kawaida, ile inayoandikwa 1/2.3, ina upana wa milimita 6 na kidogo. Ya 1/1.7 inafika karibu milimita 7.5. Ile inayoitwa ya inchi 1 ni milimita 13.2 kwa 8.8, yaani eneo lake ni zaidi ya mara mbili na nusu ya 1/1.7. Kadiri sensa inavyokuwa kubwa ndivyo picha ya jioni inavyokuwa safi, bila chengachenga. Mwanafunzi asishuke chini ya 1/1.7.

Nikiambiwa nitaje, nataja nne. Canon PowerShot S95 (2010) ina megapikseli 10 na inaingia mfuko wa shati. Pete iliyoizunguka lenzi inabadilisha tundu, gurudumu la nyuma linabadilisha kasi, na kwa mkono wa mwanafunzi huo ni mpangilio mzuri sana. S90 iliyoitangulia ni karibu sawa, ila gurudumu lake la nyuma ni jepesi mno, likiguswa tu linahama. Canon G15 (2012) ni nene na nzito zaidi, lakini ina kitundu cha kuchungulia, gurudumu la peke yake la kuongeza na kupunguza mwanga, na sehemu ya kuchomeka flashi ya nje. Panasonic LX7, ya mwaka huohuo, ina pete ya tundu kwenye lenzi yenyewe, na lenzi inaanzia f/1.4 (hiyo f ni namba ya tundu: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwanga ni mwingi). Sony RX100, nayo ya 2012, ndiyo yenye sensa ya inchi 1.

Sasa usome namba mbili zilizoandikwa kwenye lenzi. Watu huona f/1.8 wakafurahi, hawasomi ya pili. RX100 inaanza na f/1.8, ukivuta zumu mpaka mwisho inakuwa f/4.9. S95 nayo inaishia f/4.9. G15 inaishia f/2.8 na LX7 f/2.3. Kati ya f/4.9 na f/2.8 mwanga unatofautiana mara tatu. Ukimpiga mchonga vinyago kibarazani saa kumi na mbili kasoro, ukavuta zumu kwenye patasi na vidole vyake, kamera moja inataka kasi ya 1/30 ya sekunde na nyingine inakupa 1/90. Kwa 1/30 mkono unaochonga unatoka ukungu. Kwa hiyo mpenda ngoma, sokoni na watu wanaotembea, nampeleka G15 au LX7 hata kama sensa ya RX100 ni kubwa. Anayetaka mandhari na majengo, RX100 haina mpinzani humu. Na kwa ndani ya matao ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, lenzi ya LX7 inayoanzia milimita 24 (namba ikiwa ndogo, lenzi inaona pana zaidi) inaingiza nguzo ambazo kamera ya milimita 28 itaziacha nje.

Kuhusu ile nyuma yenye ukungu ya picha za harusi, niseme wazi: usiitegemee. Kwenye sensa ya 1/1.7, f/2 bila kuvuta zumu inaacha karibu kila kitu kikionekana vizuri. Ili uone tundu linafanya nini, vuta zumu, sogea karibu, weka mtu mita 1 kutoka kwenye lenzi na ukuta uwe mbali nyuma yake. Hapo namba ndogo kabisa ya tundu na f/8 zitatofautiana kwa macho.

Jua la pwani yetu lina masharti yake. Saa sita mchana, anga safi, anza na ISO 100, f/5.6, 1/1000. Kwenye mchanga mweupe wa Msimbati mwanga unarudi kutoka chini, punguza nusu: 1/2000. Kwa S95 shata inaishia 1/1600, kwa hiyo weka f/8 na 1/1000. Ukitaka f/2 kwenye jua hilo picha itaungua, nyeupe tupu. G15 na LX7 zina kichujio cha mwanga ndani, kinachoandikwa ND, kinachobakiza sehemu moja ya nane ya mwanga. Kiwashe mchana, na kumbuka kukizima jioni, maana ukikisahau utadhani kamera imeharibika. Siku za kawaida kaa kati ya f/4 na f/5.6. Kwenye vilenzi hivi vidogo f/8 huanza kupunguza ukali wa picha yote.

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza ni kinyago cha mpingo. Kiweke kibarazani, mbali na jua la moja kwa moja, nyuma kuwe na ukuta wa chokaa. Weka P (kamera inachagua tundu na kasi yenyewe), kijaze kinyago kwenye fremu, piga. Mpingo utatoka kijivu na ukuta utakuwa mweupe uliopotea, kwa sababu kipimo cha kamera hudhani kila kitu kina mwanga wa kati. Sasa nenda M: ISO 200, f/4, 1/125. Piga, halafu 1/250, halafu 1/500. Angalia ni ipi iliyorudisha weusi wa mpingo huku mistari ya patasi ikiendelea kuonekana. Kinyume chake ni mashua zenye tanga jeupe, ambazo kamera huzitia giza. Hapo unaongeza mwanga.

Mtumba mwingi unatoka Kariakoo na kufika huku kwa basi, safari ya zaidi ya kilomita 500, hivyo ukaguzi ufanyike kabla hujatuma hela. Mwambie muuzaji apige picha ya anga kwa f/8 na akutumie faili lenyewe kama dokumenti, maana picha ya kawaida ya WhatsApp imebanwa na inaficha. Madoa meusi yaliyofifia ni vumbi lililofika kwenye sensa. Lenzi hizi zinazotoka na kurudi huvuta hewa na vumbi, na kulitoa ni mpaka kamera ifunguliwe yote. Aikague lenzi kwa tochi ya simu kwa upande: nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na kuvu akishakula kioo hasafishiki akaisha. Aiwashe na kuizima mara kumi kwenye simu ya video, usikie kama injini ya zumu inakwaruza. Betri iliyovimba inakwama kwenye shimo lake, kwa hiyo aitoe mbele yako.

Ulizia betri kwa jina kabla ya kununua: NB-6L ya S95, NB-10L ya G15, DMW-BCJ13 ya LX7, NP-BX1 ya RX100. RX100 inachajiwa kwa waya wa micro-USB, nafuu kubwa pale ambapo chaja ya ukutani imepotea. Tenga kama sehemu ya tano ya fedha yako kwa betri ya pili na kadi ya GB 16 au 32. Kamera za zamani kabisa, za kabla ya 2006, nyingi hazisomi kadi ya zaidi ya GB 2.

Adui mkubwa huku ni mchanga, halafu chumvi na unyevu. Chembe moja ikikaa kwenye mwanya kati ya pete mbili za lenzi inatosha. Lenzi inarudi nusu, injini inalia, na skrini inaandika "Lens error". Ukiwa ufukweni wenye upepo usiwashe na kuzima ovyo. Kabla ya kuzima, elekeza lenzi chini, pulizia mwanya huo kwa pampu ya mpira, si kwa mdomo, kwa sababu mate yanaugandisha mchanga. Nyumbani futa mwili kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ili chumvi itoke, kisha kikavu. Usiihifadhi kwenye mkoba wa ngozi, kuvu huupenda. Tumia kopo la plastiki linalofunga vizuri, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele usiweke, unga wake unaingia kwenye lenzi. Kama hutaigusa zaidi ya mwezi, toa betri ikiwa na chaji nusu na uiweke pembeni.