Vidonge vya mahindi na jiko la mkaa: maswali kuhusu hidridi na oksidi ndani ya nyumba

Mavuno yanapoingia mkoani Dodoma, magunia ya mahindi na mtama mara nyingi hulala chumba kimoja na watu, na baridi ya Juni na Julai huwafanya wengi wafunge madirisha na kuingiza jiko la mkaa ndani. Maswali haya yanahusu gesi mbili zenye sumu zinazoweza kupatikana katika chumba cha namna hiyo: fosfini ya vidonge vya kuua wadudu wa nafaka, na monoksidi ya kaboni ya jiko la mkaa.

Kidonge cha kufukizia nafaka ni kikavu. Gesi yake inatoka wapi?

Kidonge hicho cha kijivu kina fosfidi ya alumini. Kikikutana na unyevu wa hewa, au hata ule mdogo uliobaki ndani ya punje, fosforasi yake huchukua hidrojeni ya maji na kuwa fosfini, PH3, na kinachosalia ni unga wa kijivu. Kidonge cha gramu 3 hutoa takriban gramu 1 ya fosfini, ambayo hupenya katikati ya punje hadi kumfikia dumuzi, na kwa wepesi uleule hupita kwenye nyufa za mlango hadi chumba walimolala watoto.

Majina haya ya kikemia yanatusaidia nini?

Hidridi ni muungano wa elementi, yaani kitu chenye atomu za aina moja tu, na hidrojeni, na oksidi ni muungano wa elementi na oksijeni. Kwa kipimo hicho hata maji ya kunywa ni oksidi ya hidrojeni. Jina hueleza kilichomo, lakini halitoshi kueleza tabia. Amonia, NH3, na fosfini zina fomula za ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa nitrojeni na fosforasi zimo katika kundi moja la jedwali la elementi, ila amonia huchoma pua hata mtu akakimbia mwenyewe, ilhali fosfini inaweza kumdhuru bila kumshtua. Kwa oksidi za kaboni, hesabu atomu za oksijeni: dioksidi, CO2, ndiyo hewa ukaa tunayoitoa kila tunapopumua, na monoksidi, CO, hutoka kwenye mkaa unaoungua bila hewa ya kutosha, nayo hushika himoglobini, kibeba oksijeni cha damu, kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Je, nitatambua kwa harufu?

Usitegemee. Harufu ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza inayotajwa kuhusu fosfini hutokana na uchafu uliochanganyika nayo, na inaweza kutoweka gesi ingali chumbani. Monoksidi ya kaboni haina harufu kabisa.

Dalili ni zipi, na tufanye nini?

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na kubanwa kifua ni rahisi kudhaniwa malaria. Watu kadhaa wa nyumba moja wakiamka hivyo kwa pamoja, fikirieni gesi kwanza. Tokeni nje mara moja, kisha mwende hospitali na kopo la vidonge vya nafaka kama lipo. Aliyevuta monoksidi hutibiwa kwa oksijeni, lakini fosfini haina dawa ya kuiondoa mwilini, na daktari hubaki kuusaidia moyo na mapafu. Aliyemeza kidonge asitapishwe wala asipewe maji. Maziwa, ambayo wengi wetu huyakimbilia, nayo sehemu yake kubwa ni maji.

Kuna njia ya kuhifadhi bila vidonge?

Ipo, nayo ni mifuko isiyopitisha hewa: wadudu humaliza oksijeni iliyomo, hewa ukaa waitoayo wenyewe huongezeka, nao hufa. Sharti mahindi yawe yamekauka. Tia konzi ya mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, funga, tikisa, kisha subiri dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, yarudishe juani.