Detroit haijawa mahame
Kuna ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu: picha ya nyumba iliyobomoka paa, miti imeota sebuleni, na maelezo ya mzaliwa aliyehama kwamba Detroit imebaki mahame.

Uchungu wake ni wa kweli. Mwaka 1950 jiji hilo la Marekani lilikuwa na watu wapatao milioni 1.85, sensa ya 2020 ilihesabu 639,111. Lakini watu laki sita na ushee si mahame! Aliyeondoka hulinganisha mtaa wa utotoni na picha moja, pengine ya zamani. Nyumba ya jirani yenye taa haipigwi picha.

Takwimu za sensa ziko wazi mtandaoni, na picha yenyewe unaweza kuitafuta ujue ilianza kusambaa lini. Tafadhali, usiutume mbele ujumbe huo. Kuna watu wanalea watoto pale.